Hesabu za Dawa: Wanachofundishwa Wanafunzi wa Famasia na Unachopaswa Kujua Unapochukua Dawa

Ukichukua dawa katika zahanati au hospitali ya kaunti, mara nyingi utapewa kibahasha kilichoandikwa "2 x 3" au "1 x 2". Nambari ya kwanza ni idadi ya tembe unazomeza kwa wakati mmoja. Nambari ya pili ni mara ngapi kwa siku. Kwa hivyo "2 x 3" ni tembe mbili, mara tatu kwa siku. Si tembe sita kwa mpigo, wala si tembe tatu mara mbili.

Kabla ya nambari hizo kuandikwa, kuna hesabu iliyopigwa. Aliyeipiga alizingatia uzito au umri wa mgonjwa, nguvu ya dawa iliyopo rafuni na siku ambazo matibabu yanapaswa kuchukua. Hesabu yenyewe ni ya kujumlisha, kuzidisha na kugawanya, ile tuliyofunzwa sote katika shule ya msingi. Hata hivyo, nukta moja ikiwekwa mahali pasipofaa, mtoto anaweza kupewa dawa mara kumi ya anayohitaji, au sehemu moja tu ya kumi. Ndiyo maana wanafunzi wa famasia hufundishwa hesabu hizi kwa makini na kurudiarudia mpaka ziwe mazoea.

Makala haya yanaeleza wanachofundishwa, na jinsi wewe mkazi unavyoweza kusaidia ili hesabu itoke sawa.

Ni nani anayepiga hesabu hizi?

Chini ya Katiba ya 2010, vituo vya afya na maduka ya dawa ya kaunti ni miongoni mwa huduma zilizokabidhiwa serikali za kaunti. Katika vituo hivyo, dawa hutolewa na wafamasia pamoja na wanateknolojia wa famasia. Wengi wa wanateknolojia hawa wamesomea stashahada ya miaka mitatu, katika vyuo kama KMTC. Baada ya kufuzu, ni lazima waidhinishwe na Bodi ya Dawa na Sumu, na leseni ya kufanya kazi hutolewa upya kila mwaka.

Wakiwa bado masomoni, wanafunzi hutumwa hospitalini kwa mazoezi. Usishangae basi ukimkuta kijana dirishani akihesabu tembe huku mkubwa wake akimtazama. Kutazamwa huko ni sehemu ya mafunzo, na ni kinga yako pia.

Somo la kwanza: kipimo huandamana na nambari

Mwanafunzi akiulizwa dozi na kujibu "mia tano", jibu lake halijakamilika. Mia tano za nini? Gramu moja ni miligramu 1,000. Miligramu moja ni maikrogramu 1,000. Lita moja ni mililita 1,000. Anayechanganya miligramu na maikrogramu amekosea mara elfu moja, hata kama kuzidisha na kugawanya kwake hakuna dosari.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza ni kuandika kipimo kando ya kila nambari, kuanzia mstari wa kwanza wa hesabu hadi wa mwisho. Kanuni ya pili inahusu nukta. Nusu miligramu huandikwa 0.5, kamwe si .5, kwa sababu nukta isiyo na sifuri mbele yake hupotea kwa urahisi na dozi ikasomwa kuwa 5. Vilevile, miligramu tano huandikwa 5, si 5.0, kwa sababu nukta ikififia msomaji ataona 50. Sifuri moja hulinda, nyingine huhatarisha, na mwanafunzi hufunzwa kutofautisha.

Mfano: mtoto wa kilo 12 mwenye homa

Tuchukue dawa inayojulikana karibu katika kila nyumba: paracetamol ya maji. Dozi ya mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kila baada ya saa nne hadi sita, na isizidi mara nne katika saa 24.

Mtoto ana kilo 12, na mhudumu wa afya ameagiza miligramu 15 kwa kila kilo. Mwanafunzi hufundishwa kwenda hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kujua mtoto anahitaji dawa kiasi gani: 15 mara 12 ni miligramu 180.

Hatua ya pili ni kusoma chupa. Chupa hii imeandikwa miligramu 120 katika kila mililita 5.

Hatua ya tatu ni kugeuza miligramu kuwa mililita: 180 gawanya kwa 120, kisha zidisha kwa 5. Jibu ni mililita 7.5.

Hatua ya nne huwapita wengi walio na haraka: kujiuliza kama jibu linaingia akilini. Tuseme mwanafunzi ameteleza kwenye kikokotoo akapata mililita 75. Chupa nzima ina mililita 60. Dozi moja inawezaje kuzidi chupa? Hapo anapaswa kusimama na kuanza upya. Na kama amepata 0.75, ajiulize pia. Mililita 5 zina miligramu 120, na mtoto anahitaji 180. Jibu sharti lizidi mililita 5.

Kwa sababu hii walimu wengi humtaka mwanafunzi akadirie jibu kichwani kabla ya kugusa kikokotoo. Kikokotoo hujibu swali lililobonyezwa. Hakijui kama lilikuwa swali sahihi.

Chupa mbili, jina moja

Mfano huo una funzo jingine linalomhusu kila mzazi. Paracetamol ya maji haiuzwi kwa nguvu moja tu. Ipo ya miligramu 120 katika mililita 5, ipo ya miligramu 250 katika mililita 5, na yapo matone ya watoto wachanga yenye miligramu 100 katika kila mililita moja.

Mama aliyezoea kumpa mtoto mililita 7.5 akichukua chupa ya miligramu 250 na kupima kiasi kilekile, mtoto atapata miligramu 375, zaidi ya maradufu ya anazohitaji. Akipima mililita 7.5 za matone, atampa miligramu 750, zaidi ya mara nne. Paracetamol ikizidi huharibu ini, na dalili zinaweza kuchelewa siku moja au zaidi huku madhara yakiendelea ndani kwa ndani.

Kwa hivyo kukumbuka "alipewa kijiko kimoja na nusu mara ile" hakutoshi. Kila chupa mpya huhitaji kusomwa upya na hesabu yake kufanywa upya.

Dawa itoshe siku zote

Baada ya kupata dozi moja, mwanafunzi hufunzwa kuhesabu kiasi cha kumtosha mgonjwa hadi mwisho wa matibabu. Kanuni ni nyepesi: kiasi cha kila mara, zidisha kwa mara ngapi kwa siku, zidisha kwa idadi ya siku.

Mtoto mwenye nimonia ambaye uzito wake ni kilo 10 na hajafika kilo 14 hupewa tembe mbili za amoxicillin za miligramu 250, zile zinazoyeyushwa kwa maji, mara mbili kwa siku kwa siku tano. Mbili mara mbili mara tano ni tembe 20. Akipewa 10, dawa itaisha katikati ya safari. Nimonia inaweza kurudi, na vijidudu vilivyosalia vinaweza kuzoea dawa hiyo.

Hesabu hiyohiyo inaeleza pakiti za dawa ya malaria, AL. Mgonjwa humeza mara mbili kwa siku kwa siku tatu, yaani mara sita. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 humeza tembe moja kila mara, jumla 6. Wa kilo 15 hadi chini ya 25 humeza mbili, jumla 12. Wa kilo 25 hadi chini ya 35 humeza tatu, jumla 18. Aliye na kilo 35 na zaidi humeza nne, jumla 24. Kila pakiti ni matibabu kamili ya mtu mmoja. Watu wawili wakigawana pakiti ya tembe 24, hakuna aliyetibiwa.

Saa nazo huhesabiwa. Kwa AL, dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ya kwanza, kisha zinazofuata humezwa asubuhi na jioni. Ukiambiwa dawa nyingine yoyote ni ya kila baada ya saa nane, na umeanza saa mbili asubuhi, dozi ya pili ni saa kumi jioni na ya tatu ni saa sita usiku.

Kuchanganya na maji

Sehemu nyingine ya mafunzo ni kupunguza nguvu ya dawa kwa kuongeza maji. Mfano unaotumika sana hospitalini ni klorini ya kusafishia. Dawa ya klorini yenye nguvu ya asilimia 3.5 inahitajika iwe asilimia 0.5. Ukigawanya 3.5 kwa 0.5 unapata 7, yaani mchanganyiko mzima uwe sehemu saba.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Husikia "saba" wakaongeza vikombe saba vya maji. Lakini kikombe cha klorini tayari ni kimoja kati ya saba hizo. Maji yanayoongezwa ni vikombe sita. Ukiweka saba, umepata sehemu nane, na nguvu imeshuka chini ya inayohitajika. Kumbuka kuwa mchanganyiko huu ni wa kusafishia sakafu na vifaa. Si wa kunywa, wala si kipimo cha kutibu maji ya kunywa.

Antibiotiki za unga zinazochanganywa na maji ndani ya chupa hufuata mantiki hiyohiyo. Maji huongezwa hadi alama iliyo kwenye chupa. Yakizidi, kila kijiko kinakuwa na dawa pungufu. Yakipungua, kila kijiko kina dawa nyingi mno. Mwombe mhudumu akuchanganyie au akuonyeshe alama hiyo kabla hujaondoka dirishani, na umuulize dawa hiyo itumike kwa siku ngapi baada ya kuchanganywa.

Macho mawili ya ziada

Jambo la mwisho wanalofundishwa ni kutojiamini kupita kiasi. Hesabu ya mtoto, hesabu yenye nukta na hesabu ya dawa iliyo hatari ikizidi, zote hukaguliwa na mtu wa pili. Mtu huyo hapewi jibu ili alikubali. Hupewa maagizo ya daktari na chupa, kisha huanza hesabu mwenyewe. Majibu yakigongana, dawa haitoki mpaka sababu ijulikane.

Ukiona wahudumu wawili wakishauriana juu ya dawa ya mtoto wako huku foleni ikisonga polepole, tafadhali wavumilie. Dakika hizo ni zako.

Mkazi, fanya haya

Hesabu nzuri hutegemea habari sahihi, na habari nyingi unazo wewe.

- Mpeleke mtoto mwenyewe apimwe uzito siku hiyohiyo, na ubebe kitabu chake cha kliniki. Uzito wa miezi sita iliyopita si wa leo.
- Taja dawa nyingine zote anazotumia mgonjwa, zikiwemo za kununua dukani. Dawa nyingi za mafua tayari zina paracetamol ndani yake.
- Soma nguvu iliyoandikwa kwenye chupa, si jina peke yake. Ukibadilishiwa chupa, uliza kama kipimo nacho kimebadilika.
- Pima dawa ya maji kwa kikombe au kijiko kilichokuja nayo, au kwa sirinji isiyo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani.
- Kabla ya kuondoka dirishani, rudia maagizo kwa sauti: kiasi gani, mara ngapi, siku ngapi. Kisha zidisha na uhesabu tembe ulizopewa. Zisipotosha, sema papo hapo.
- Mtoto wa chini ya miezi miwili akiwa na homa, usimpe dawa nyumbani. Mpeleke kituo cha afya mara moja.
- Ukishuku kuwa mtu amezidishiwa dawa, usingoje dalili. Mpeleke hospitalini pamoja na chupa au pakiti yenyewe.

Mifano ya vipimo iliyo katika makala haya ni ya kueleza hesabu. Haichukui nafasi ya maagizo ya mhudumu aliyemwona mgonjwa wako.

Una haki ya kuuliza jinsi kipimo chako kilivyopatikana, na pia kama anayekuhudumia ameidhinishwa na Bodi. Mhudumu aliyefundwa vyema hatakasirika. Atakuonyesha chupa, atataja uzito, na atarudia hesabu mbele yako.