Mistari ya Biblia Isiyokaa Kichwani

Miongoni mwa malalamiko ambayo waumini wa makamo na wazee wa katikati ya jiji la Dar es Salaam huleta kliniki, lipo moja lisiloandikwa katika vitabu vyetu vya tiba: mistari ya Biblia haikai tena kichwani. Mwenye kulileta aghalabu amekuja kupima shinikizo la damu, na neno hilo humtoka akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango. Pengine ni mama auzaye vitenge Kariakoo, aliyeijua Zaburi ya 23 tangu shule ya Jumapili, na sasa anaona haya kuombwa aisome kwa moyo katika jumuiya. Husema kwa sauti ya chini, kana kwamba anaungama dhambi.

Mara nyingi hakuna ugonjwa wala upungufu wa imani. Kilichopo ni namna mbaya ya kukariri. Mtu husoma mstari mara ishirini usiku wa Jumamosi, huamka nao Jumapili, na kufikia Jumatano umekwisha kumtoka. Kusoma tena na tena huyazoesha macho, nasi tukadhani tumehifadhi. Lakini kuutambua mstari ulioandikwa ni kazi moja, na kuutoa kichwani kitabu kikiwa kimefungwa ni kazi nyingine.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena. Wengine walifunga karatasi na kuandika walichokikumbuka. Baada ya dakika 5 waliosoma tena waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka takriban asilimia 56 ya habari, na wenzao asilimia 42. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1885 kwamba usahaulifu huja kwa kasi mwanzoni, kisha hupungua, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku hufaa kuliko yaliyorundikwa pamoja.

Mkazi wa Kariakoo anaweza kuliona jambo hili mtaani kwake. Katika madrasa, mtoto anayehifadhi Kurani hukaa mbele ya mwalimu na kusoma kwa moyo bila kuangalia msahafu. Akikwama husahihishwa, na haongezewi sehemu mpya kabla ya kudurusu ya jana. Shule zetu nyingi za Jumapili, kwa maoni yangu, zimeridhika mno na watoto kuitikia kwa pamoja, ambapo mmoja anayejua huwabeba kumi wasiojua.

Basi soma mstari mara mbili ukiuelewa, funga kitabu, useme kwa sauti. Ukikwama usikimbilie kufungua. Subiri kidogo, kwa maana ule utafutaji wenyewe ndio unaoimarisha kumbukumbu. Kisha fungua ujisahihishe. Rudia jioni, kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki. Foleni ya mwendokasi pale Gerezani yatosha kwa mistari miwili. Shika tafsiri moja: aliyejifunza kwa Union Version ya mwaka 1952 asihangaishwe na anayemsahihisha kwa Habari Njema. Na ulale. Ubongo huimarisha usingizini yaliyoingia mchana, na mfanyabiashara anayelala saa sita usiku na kuamka saa kumi alfajiri anauibia muda huo.

Ipo pia mbinu ya Wagiriki na Warumi wa kale, ya kuyapanga maneno katika njia unayoijua vema, nayo huchangamsha kweli. Zaburi ya 23 imejaa picha, na ukitembea kutoka Mnazi Mmoja kwa Barabara ya Uhuru waweza kuziweka zote. Malisho yawe kwenye nyasi za Mnazi Mmoja. Maji yawe kwa kijana auzaye chupa za maji baridi. Bonde la giza liwe ngazi za kushukia sakafu ya chini ya ardhi ya soko kuu, lile jengo alilolibuni Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975. Meza ni ya mama lishe, kikombe ni cha muuza kahawa, na nyumba ni kwako unakorudi jioni. Kadiri picha inavyochekesha ndivyo inavyodumu.

Wimbo una nguvu ya pekee, kwa kuwa mahadhi hulivuta neno linalofuata. Wauguzi wa wodi za kiharusi wanalijua hili: mgonjwa asiyeweza kutamka jina la mwanawe huweza kuimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani. Ndugu wasidhani amepona, wala wasimshuku kwamba anajifanya bubu. Maneno ya wimbo wa zamani hupita njia za ubongo ambazo kiharusi hakikuzigusa.

Hata hivyo si kila usahaulifu ni wa mbinu. Maneno yakipotea ghafla, uso ukapinda au mkono ukalegea, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Maombi yafanyike njiani. Usahaulifu unaoongezeka kwa miezi, hata mzee akapotea katika mtaa aliozaliwa, au akasahau sala aliyoisali kila siku kwa miaka hamsini, nao unahitaji uchunguzi. Baadhi ya visababishi hutibika: sonona, upungufu wa homoni ya tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, ambao huweza kuwapata wanaotumia metformini kwa miaka mingi, na vidonge vya mzio kama klorfeniramini, ambavyo wengine hununua dukani ili wapate usingizi. Mzee huyo aje kliniki na mtu anayeishi naye, nao walete dawa zote anazotumia, pamoja na zile alizopewa na jirani.