Kutoka Msowero Hadi Kaole: Ziara ya Misikiti na Makaburi ya Kale

Mwenyezi Mungu katika Kurani Tukufu amewaagiza waja wake wasafiri katika ardhi, watazame jinsi ulivyokuwa mwisho wa wale waliowatangulia. Agizo hili wengi wetu twalisoma, lakini wachache twalitenda. Twadhani ya kuwa kuzuru mambo ya kale ni shughuli ya wageni watokao Ulaya, nasi tulio wenyewe twayapita kama mtu apitaye kando ya kichuguu. Kwa sababu hiyo sisi jamaa wa Msowero, wilaya ya Kilosa, wazee kwa vijana, wake kwa waume, jumla yetu watu 14, tulikusudia kwenda Bagamoyo na Kaole. Yale tuliyoyaona twawaandikia ndugu wasomaji ili nao wapate faida.

Kisa cha Safari Yetu

Jina la Msowero limo katika vitabu vya historia kwa jambo la huzuni. Mwezi wa Novemba 1884 Mjerumani Karl Peters alishuka Saadani, akapanda bara mpaka Usagara. Tarehe 29 ya mwezi huo alifanya mkataba na Mangungo, chifu wa Msowero. Mkataba ule uliitwa wa urafiki wa milele, lakini ndani yake yalikuwamo maneno ya kwamba Mangungo ameitoa nchi yake pamoja na haki zake zote kwa chama cha Wajerumani cha kutafuta makoloni. Mangungo akatia alama yake katika karatasi iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua. Kabla ya kutimia miezi mitatu, tarehe 27 Februari 1885, mfalme wa Ujerumani alitoa hati ya kuiweka nchi hiyo chini ya ulinzi wake. Sayyid Barghash wa Unguja alipopinga, manowari za Kijerumani zikaja kutia nanga mbele ya mji wake mwezi wa Agosti mwaka ule ule.

Habari hii husomeshwa shuleni nchi nzima, na mtoto wa Msowero aendapo kusoma mbali huchekwa na wenzake kuwa ni wa ukoo wa Mangungo. Kijana mmoja katika sisi, aliyetoka shule kwa likizo, alimwuliza mzee wetu mbele ya watu, “Babu, je, sisi ni kizazi cha wajinga?” Mzee akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Twende kwanza tukatazame, mjukuu wangu. Tukirudi nitakujibu.”

Palikuwa na jambo la pili. Mama mmoja mjane tuliyefuatana naye alikuwa ameletewa karatasi na mtu atakaye shamba lake, naye aliambiwa aweke dole gumba tu, maana ni kukodisha kwa msimu mmoja. Karatasi hiyo aliifunga katika pindo la kanga yake, akisema ataitia dole akirejea.

Njia ya Misafara

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, tukapita Dumila, Morogoro, Chalinze na Msata, na alasiri ilitukuta Bagamoyo. Safari yetu ya kutwa moja, zamani ilikuwa ya siku nyingi kwa miguu. Misafara ya kutoka Tabora na Ujiji ilipita nchi yetu ya Usagara ikielekea pwani, wapagazi wakiwa na pembe za ndovu mabegani, na watumwa wakiwa na minyororo shingoni. Wako wasemao ya kuwa jina la Bagamoyo latokana na mpagazi kubwaga moyo wake akistarehe kwa kufika. Na wako wasemao ni mtumwa aliyeubwaga moyo wake pwani, kwa kujua haioni tena nchi yake. Mzee wetu alisema, “Huenda wote wawili wasema kweli, maana njia ilikuwa moja.”

Kaole

Asubuhi ya pili tulikwenda Kaole, mwendo wa kama maili tatu kusini ya mji. Hapo pana magofu ya misikiti miwili na makaburi mengi, yote ya mawe ya matumbawe na chokaa. Msikiti ulio wa kale zaidi wasemwa kuwa ni wa karne ya 13. Paa lake halipo, lakini mihrabu yasimama ikielekea kibla, na kisima chake kipo. Tulivua viatu, tukaingia kimya. Vijana wetu waliozoea kusikia kwamba Uislamu katika nchi hii ni jambo la juzi walisimama mbele ya ile mihrabu wakaitazama muda mrefu.

Baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu za mawe, na katika nguzo hizo mafundi wa zamani walipachika bakuli za Kichina kuwa pambo. Hivyo mtu wa Kaole hakuwa mtu wa kisimani tu. Bahari ilimletea habari na bidhaa za mbali. Mwaka 1958 mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick alichimba na kuyasafisha magofu haya, na baadhi ya vitu vilivyopatikana vyaonyeshwa katika nyumba ndogo ya makumbusho iliyopo pale. Mbona mji ukafa? Mikoko iliota na matope yakajaa katika bandari, vyombo visiweze kukaribia, na biashara ikahamia Bagamoyo. Mji hauuawi kwa vita peke yake.

Hapa yapasa tuseme neno juu ya adabu ya ziara. Mtume wetu (s.a.w.) aliwaruhusu Waislamu kuzuru makaburi kwa kuwa yanawakumbusha Akhera. Basi tuliwatolea salamu waliolala pale, tukawaombea maghufira kwa Mola wao. Hatukuwaomba wao kitu, wala hatukufunga kitambaa wala kuchota udongo. Palepale Kaole pana mbuyu mkubwa wa miaka mingi, na husemwa ya kwamba auzungukaye huongezewa umri. Mmoja wa vijana alipoanza kuuzunguka, mzee alicheka akamwita, “Njoo hapa, mwanangu. Umri umo katika mikono ya Mwenyezi Mungu, na mbuyu wenyewe wangoja siku yake.”

Katika Mji wa Bagamoyo

Mjini tuliiona Ngome Kongwe na boma la Wajerumani, waliofanya Bagamoyo kuwa makao yao makuu mpaka 1891. Tulikumbushwa vita vya mwaka 1888, watu wa pwani walipoinuka pamoja na Bushiri bin Salim kuipinga kampuni ya Wajerumani, na jinsi Bushiri alivyonyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Tulifika pia katika misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868, ambako maiti ya Livingstone iliwekwa Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuichukua kwa miguu kutoka mbali bara. Si nyumba yetu ya ibada, lakini tuliingia kwa heshima na tulipokewa kwa heshima.

Lakini aliyetugusa zaidi ni Yahya bin Abdallah, ajulikanaye kwa jina la Sheikh Ramiya. Yeye aliletwa Bagamoyo utotoni kutoka nchi ya Wamanyema, Kongo, hali ni mtumwa. Akashika elimu, akawa mwanachuoni na kiongozi wa tarika ya Kadiria, hata waungwana wakakaa chini kusomeshwa naye. Alifariki 1931.

Jibu la Mzee

Tulipokuwa njiani kurudi, mzee alimgeukia yule kijana akasema: “Mjukuu wangu, Mangungo hakuwa mjinga. Alimpokea mgeni kama tupokeavyo wageni, naye mgeni akaandika jambo asilolisema. Katika dini yetu mkataba wa hadaa hauna heshima. Kurani yatuamrisha tuandikiane madeni yetu, mwandishi aandike kwa uadilifu, pawe na mashahidi, na asiyeweza kuandikisha basi walii wake amsemee kwa haki. Mangungo hakupata hata moja katika hayo. Lakini sisi tunayo shule. Huyo mtumwa wa Kimanyema alisoma, nasi tutasema nini? Mjinga ni yule awezaye kusoma akakataa, au ajuaye kusoma akamwacha mama yake atie dole katika asilolijua.”

Yule mama aliposikia maneno hayo alifungua pindo la kanga, akampa kijana ile karatasi. Kijana akaisoma kwa sauti, neno kwa neno. Haikuwa ya kukodisha msimu mmoja. Ilikuwa ya kuuza. Hapana aliyesema kitu katika gari kwa muda. Kisha mama akaitwaa, akaikunja, akasema, “Alhamdulillahi. Nitamrudishia mwenyewe, nawe utakuwa nami.”

Ndugu wasomaji, wachukueni watoto wenu mkazuru mambo ya kale yaliyo karibu nanyi, na mkirudi nyumbani someni kila karatasi kabla ya kuitia mkono. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na atujalie sisi elimu yenye manufaa. Amin.