Bandama inayohama
Huku Kisangani, tukigusa uvimbe chini ya mbavu za kushoto za mtoto, tunasema mara moja: bandama, ni malaria. Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna watoto wachache ambao bandama yao haikushikwa vizuri tumboni. Leo iko juu, kesho karibu na kitovu. Ikijinyonga, damu haipiti. Maumivu huja na kupotea, au hushika ghafula na kutapika.

Kipimo cha malaria hakionyeshi hilo. Mwambieni daktari: uvimbe unahama. Ulizeni ekografi inayotazama pia mwendo wa damu. Tusikande tumbo, tusimtie mtoto dawa kwa nyuma. Akina mama wa Lubunga, msingoje kesho kuvuka mto: bandama ikiwa bado nzima, mpasuaji huifunga mahali pake, ikiwa imekufa huiondoa, na mtoto atahitaji chanjo za kumkinga.