Daftari la dukani mbele ya mkadiriaji

Ushauri wa kodi kwa mfanyabiashara mdogo nchini Tanzania hauna mambo mengi: weka kumbukumbu. Utausikia redioni, utausikia kwenye semina za wajasiriamali, na ukikaa kwenye benchi la ofisi ya mapato utaukuta umebandikwa ukutani. Una hesabu nyuma yake. Mwenye mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka asiye na daftari anakadiriwa 100,000. Mwenye daftari analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 30,000. Kwa mauzo ya milioni 8, asiyeandika anatoa 250,000. Anayeandika anatoa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, jumla 120,000.

Ofisa mmoja wa kodi jijini Dar es Salaam, ambaye si msemaji na kwa hiyo hakutaka kutajwa, anazijua tarakimu hizi kwa kichwa. Kwake zinatosha kumaliza ubishi: sheria inampunguzia anayeandika, na anayelalamika hajaandika.

Zingetosha kama zingewahusu wengi. Ngazi za mifano hiyo miwili zinaishia kwenye mauzo ya milioni 11 kwa mwaka. Zigawe kwa siku 300 za kazi, unapata kama shilingi 36,700 kwa siku. Sukari, unga, mafuta ya kupima, sabuni na vocha: ni duka gani la Manzese au Mbagala lenye bidhaa hizo ambalo linafunga mlango jioni bila kufikisha kiasi hicho? Ukivuka hapo, hadi milioni 100, kodi ni asilimia 3.5 ya mauzo, na unatakiwa uwe na mashine ya risiti. Na uvukaji wenyewe una bei. Mwenye daftari na mauzo ya milioni 10.9 anadaiwa 207,000. Akiuza milioni 11.1 anadaiwa 388,500. Laki mbili za mauzo zimezaa kodi ya 181,500, na faida ya laki mbili hizo kwenye sukari huenda haifiki 20,000. Usishangae basi kusikia maduka mengi "yanauza" milioni 10 na pointi kadhaa mwaka hadi mwaka.

Mama mmoja mwenye duka la rejareja Manzese, anayesema mauzo yake ni kama 60,000 kwa siku, alifuata ushauri wa kuandika. Ana kauntabuku lenye safu tatu, zilizoingia, zilizotoka na madeni, na pembeni ya madeni ameweka alama ya wino mwekundu kwa waliolipa. Alilibeba siku ya makadirio. Anasimulia kwamba lilifunguliwa kurasa mbili likawekwa kando, kisha akaombwa taarifa ya lipa namba na ya laini ya simu iliyoandikishwa kwa jina lake. Laini ni moja. Ndiyo inayopokea malipo ya wateja, ndiyo inayopokea hela ya ada ya watoto kutoka kwa kaka yake, na kwa kuwa yeye ndiye mweka hazina wa kikoba cha mtaani, michango ya wanachama wote hupitia humo kila Jumapili. Kwa maelezo yake, vyote vilijumlishwa kuwa mauzo. Alipojitetea aliulizwa risiti za manunuzi, na hapo ndipo alipoishiwa maneno: muuzaji wake wa jumla ana bei mbili, ya mwenye kutaka risiti na ya asiyetaka, na mwenye duka la kona hawezi kununua kwa bei ya juu halafu akauza sawa na jirani yake. Aliondoka na makadirio ambayo, anasema, hata leo hajui yalitoka kwenye ukurasa gani.

Ofisa yule aliposikia kisa hiki hakukikanusha. Alisema mama angetenganisha laini. Ni kweli, na pengine ndiyo nasaha moja ya fedha ambayo haina hasara kwa yeyote: laini ya duka iwe ya duka, kikoba kiwe na yake, na mwenye duka ajilipe kiasi kinachojulikana badala ya kuchota droo kila mtoto akitumwa daftari la shule. Lakini ukiuliza ni kwa nini fedha za kikoba zihesabiwe kuwa mauzo ilhali daftari la kikoba lipo, jibu linakuwa refu na halifiki mwisho.

Turudi kwenye hesabu za mama huyu, maana zina jambo lisilosemwa semina. Mauzo ya 60,000 kwa siku 300 ni milioni 18. Asilimia 3.5 yake ni 630,000. Tuseme faida yake, pango na umeme vikishatoka, ni shilingi 10 katika kila 100, ambayo kwa duka la vyakula ni ukarimu, inakuwa 1,800,000. Zaidi ya theluthi ya faida imekwenda. Fundi cherehani mwenye mauzo hayohayo, ambaye nusu ya bei ni ufundi wake, analipa kiasi kilekile bila kuumia. Kenya nayo inatoza mauzo, asilimia 3 tangu 2023, na kilio cha wenye faida nyembamba huko hakitofautiani.

Sheria ya Tanzania hata hivyo ina mlango wa pembeni. Mtu binafsi anaweza kuchagua kutotumia makadirio na kutozwa kwa faida halisi, kwa viwango vya kawaida vya watu binafsi, ambavyo haviligusi pato la mwaka lisilozidi 3,240,000. Kwa karatasi, mama wa Manzese angedaiwa sifuri. Kwa karatasi. Sharti ni hesabu kamili, mhasibu hafanyi kazi kwa ahsante, na matumizi yasiyo na risiti yanakataliwa, kwa hiyo tumerudi kwa yule muuzaji wa jumla mwenye bei mbili. Ofisa anauita utaratibu wa "watu waliojipanga". Mama anasema hakuna aliyewahi kumtajia.

Kwa wanaobaki kwenye makadirio, kinachowezekana ni kidogo lakini kipo. Kodi hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na wengi hunaswa na ya Machi kwa sababu Januari imekwisha kula mtaji kwa ada za shule. Anayetenga 2,100 katika kila 60,000 aliyouza anafika tarehe hiyo na fedha mkononi. Asiyetenga huishia kwa wakopeshaji wa kausha damu, ambao riba yao huweza kuzidi adhabu ya kuchelewa. Pango lina mtego wake: mpangaji wa biashara anapaswa kukata asilimia 10 ya kodi ya zuio kabla ya kumlipa mwenye nyumba, lakini mwenye nyumba anataka hela yake kamili ya miezi sita, na 90,000 ya zuio kwenye pango la 900,000 inatoka mfukoni kwa mpangaji. Hili lizungumzwe kabla ya kusaini, ingawa mwenye fremu nzuri hakosi mpangaji mwingine asiyeuliza.

Maofisa wanasema mifumo ya kielektroniki itapunguza ubishi kadiri malipo ya simu yanavyoongezeka. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba lipa namba zitang'olewa ukutani, kwani baadhi ya wenye maduka Manzese tayari wanamwomba mteja atume kwenye namba ya kawaida au alete taslimu. Mpaka muuzaji wa jumla abanwe kutoa risiti kwa bei moja, kauntabuku la mama litaendelea kufunguliwa kurasa mbili.