Ukurasa mmoja baada ya mtihani: wanafunzi wa uhandisi wanaandika walipokosea

Matokeo yamebandikwa kwenye valve. Mwanafunzi anatafuta jina lake katika msongamano, anakuta 8 kwa 20, anapiga picha kwa simu na kwenda zake. Wengi waliopita chuo kikuu hapa kwetu, hata mwandishi wa makala haya, wanaijua siku hiyo. Pointi inajulikana, kosa halijulikani.

Huko Marekani, baadhi ya walimu wa uhandisi wameiongezea siku kama hiyo kazi moja ndogo: kuandika. Mwaka 2014, Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, kiliongoza ushirika wa vyuo 12 wa kueneza tafakari katika masomo ya uhandisi. Stanford na Georgia Tech zilikuwemo, pamoja na vyuo vidogo ambavyo havijulikani huku kwetu.

Njia moja rahisi inatoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, ambako mtafiti Marsha Lovett aliitengeneza na wenzake. Karatasi za mtihani zinaporudishwa, kila mwanafunzi anapewa ukurasa wa maswali. Ulijitayarisha kwa saa ngapi, na kwa namna gani? Pointi zilipotea wapi: kwa kusoma swali vibaya, kwa hesabu, au kwa kutoelewa somo? Utabadilisha nini? Mwalimu anazikusanya, anazisoma, kisha anazirudisha kabla ya mtihani unaofuata. Kila mmoja anakutana tena na maneno yake mwenyewe.

"Nilikosea hesabu"

Kwa nini kuandika, na si kufikiri tu kichwani? Tuchukue mfano wa boriti ya mita 6, imeegemea ncha zake mbili, inabeba mzigo uliosambaa sawasawa wa kilonyutoni 10 kwa kila mita. Momenti kubwa ya kupinda, katikati ya boriti, ni kilonyutoni-mita 45. Mwanafunzi anapata 90. Akiulizwa, anajibu haraka: nilikosea hesabu.

Lakini hesabu zake ni safi. Alijumlisha mzigo wote, kilonyutoni 60, akauweka katikati kama vile ni jiwe moja, kisha akatumia fomula ya jiwe. Anapolazimika kuandika, hatua kwa hatua, alichochora na sababu ya kukichora hivyo, ndipo anaona kwamba kosa lilianza kwenye mchoro, kabla hajagusa kikokotozi. Kufanya mazoezi mengine 20 ya hesabu kusingemsaidia kitu. Na kesho huyo ndiye atakayepiga hesabu za dari ya shule au za daraja.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1983 Donald Schön, profesa wa MIT, alitoa kitabu kuhusu namna wataalamu, wahandisi wakiwemo, wanavyofikiri juu ya kazi yao wakiwa ndani yake.

Pale inaposhindikana

Mwanafunzi akijua kwamba ukurasa huo una pointi, ataandika kile mwalimu anachotaka kusikia. "Nitasoma zaidi" ni sentensi isiyosema kitu. Siku hizi anaweza hata kuiomba programu ya akili bandia imwandikie, kwa hiyo ni afadhali kuandika papo hapo, kwa mkono, karatasi ya mtihani ikiwa mezani. Na kama hakuna anayezisoma kurasa hizo, wanafunzi watajua haraka.

Hapo ndipo ugumu wetu. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vikuu vya Kongo vimeingia katika mfumo wa LMD, ambamo krediti huhesabu pia kazi binafsi ya mwanafunzi. Tafakari ya maandishi ingepata nafasi humo bila shida. Lakini auditoire ikiwa na watu 300, na asistanti mmoja, nani atasoma?

Jibu moja ni kupunguza. Mwisho wa somo au wa TP, swali moja tu kwenye kipande cha karatasi: ni kitu gani hujakielewa bado? Asistanti anachota vipande 30 bila kuchagua, anavisoma jioni, na somo linalofuata linaanza na kosa lililojirudia zaidi. Lakini kwa mtihani, inabidi kwanza karatasi zirudishwe.