Maabara ya saratani Moshi: soko lipo wapi?

MOSHI: Mwenye mtaji anayefikiria kufungua maabara ya vipimo vya saratani mjini hapa ajue kwanza mteja wake ni nani.

Kipimo maarufu ni cha protini ya CEA, iliyogunduliwa Montreal, Kanada, mwaka 1965. Mgonjwa aliyepasuliwa saratani ya utumbo mpana hupimwa damu kila baada ya miezi kadhaa. CEA ikipanda, huenda ugonjwa unarudi. Ni kama bei ya kahawa: ya wiki moja haisemi kitu, mwendo wake ndio unaosema. Tena sigara peke yake huipandisha.

Lakini saratani inayousumbua mkoa wa Kilimanjaro ni ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ndiyo iliyoleta utafiti wa kimataifa wa ESCCAPE hapo KCMC. Kwa umio hakuna protini ya damu ya kutegemewa kutabiri hali ya mgonjwa. Kumuuzia CEA ni kumlia fedha zake. Anachohitaji ni kamera ya kuingizwa kooni na mtaalamu wa kusoma kinyama, mapema. Wengi hufika chakula kigumu kimeshawashinda kumeza.

Na vitendanishi vina tarehe ya kuisha. Boksi lililofunguliwa kwa wateja wawili ni hasara.