Sindano Inasingiziwa, Mgongo wa Mzazi Unasahauliwa

"Ni ile sindano." Katika wodi za wazazi, saluni na vikao vya kina mama, hukumu hii hutolewa kabla kesi haijasikilizwa. Mama aliyejifungua kwa upasuaji anainama kufua nguo za mtoto, miezi 6 imepita, kiuno kinakataa kunyooka. Hatafuti sababu mbali. Anakumbuka alivyokalishwa ukingoni mwa kitanda, akaambiwa akunje mgongo na asitikisike, pamba yenye dawa baridi ikapita kwenye ngozi, kisha mchomo. Maumivu yake ni ya kweli, na asiyeyaamini anamkosea. Ila utafiti wa zaidi ya miaka 30 unaonyesha kwamba sindano ya mgongo inasingiziwa, na kusingizia huku kuna gharama. Maadamu tunamshikilia mshtakiwa asiyehusika, chanzo cha maumivu kinaendelea na kazi yake, na mzazi haambiwi kwamba mgongo wake una tiba.

Tuanze kwa haki: shaka hii haikuzuliwa mitaani. Mwaka 1990 watafiti wa Birmingham, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuwauliza wanawake 11,701 waliokuwa wamejifungua katika hospitali moja ya uzazi kati ya 1978 na 1985. Miongoni mwa waliopewa ganzi ya mgongo wakati wa uchungu, karibu 19 katika kila 100 walisema walipata maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Kwa wasioipata, walikuwa kama 10 au 11. Tofauti hiyo ni kubwa, na ilistahili kuchunguzwa. Lakini wanawake wale waliulizwa miaka kadhaa baada ya kujifungua, na mtu anayeumwa hukumbuka kwa urahisi jambo la pekee lililowahi kufanyika pale panapouma. Tena, anayeomba ganzi mara nyingi ndiye mwenye uchungu mrefu na mgumu. Basi kilichoongeza maumivu ni ganzi, au ni yale yaliyomfanya aihitaji? Orodha ya maswali iliyotumwa baadaye haiwezi kutenganisha mambo hayo mawili.

Njia ya kuyatenganisha ni kuwafuatilia kina mama tangu mwanzo, kabla yeyote hajajua nani ataumwa. Watafiti wa Boston, Marekani, walifanya hivyo na kutoa matokeo mwaka 1994. Mwezi mmoja hadi miwili baada ya kujifungua, waliolalamikia mgongo walikuwa asilimia 44 kwa waliopata ganzi na asilimia 45 kwa wasioipata. Mwaka 2002, Uingereza, utafiti mwingine ulikwenda mbali zaidi: wanawake 611 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wapangiwe ganzi ya mgongo, wengine sindano ya kawaida ya kutuliza maumivu. Baada ya miezi 6, waliokuwa na maumivu ya mgongo ni asilimia 48 katika kundi la ganzi na asilimia 50 katika kundi la pili. Hapo kuna mambo mawili ya kutazama. La kwanza, ganzi haikuleta tofauti. La pili, ambalo husahaulika upesi, ni kwamba karibu nusu ya wanawake walikuwa wanaumwa, wawe walichomwa mgongoni au la.

Kinachowaumiza ni nini basi? Jibu linaanza miezi mingi kabla ya leba. Tumbo linapokua, uzito wa mwili husogea mbele, na mwanamke hulazimika kujivuta nyuma kwa kiuno ili asianguke. Mzigo huu ni wa kale kiasi kwamba umeacha alama kwenye mifupa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba mpindo wa kiuno cha mwanamke hugawanywa kwenye pingili tatu, ilhali wa mwanamume uko kwenye mbili, na dalili za tofauti hiyo zimeonekana hata kwenye visukuku vya viumbe waliotembea kwa miguu miwili mamilioni ya miaka iliyopita. Maumbile yamejitahidi, lakini hayakuondoa gharama yote. Homoni za ujauzito hulegeza kano za nyonga, na misuli ya tumbo inayosaidia kushikilia kiuno hunyooshwa hadi kupoteza nguvu. Ndiyo maana anayeumwa mgongo wakati wa ujauzito, au aliyeumwa hata kabla ya kubeba mimba, ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kuendelea kuumwa baadaye.

Kisha mtoto anazaliwa, na kazi inaongezeka kabla mwili haujapona. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Mtazame mama aliyeketi kwenye kigoda kisicho na egemeo: mabega yameanguka, shingo imeinama, kifua kimeshushwa kumfuata mtoto badala ya mtoto kuinuliwa kukifuata kifua. Baada ya hapo anamfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko na kuinamia beseni. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20, na anayeiinua kutoka chini ndiye yule ambaye wiki chache zilizopita tumbo lake lilishonwa. Sindano ilipita mara moja. Ndoo hurudi kila asubuhi.

Wapo watakaosema: mbona panauma palepale nilipochomwa? Kwa sababu sindano huingizwa sehemu ya chini ya kiuno, na ndiko mzigo wa ujauzito na wa kuinama unakoelemea. Ugwe wa mgongo kwa watu wazima wengi huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano hupita chini ya hapo. Ngozi na misuli vinaweza kuuma kwa siku kadhaa, na wapo wanaopata maumivu makali ya kichwa yanayozidi wakikaa na kupungua wakilala. Hayo kweli hutokana na sindano na yanatibika. Wengine watasema tafiti hizo zilihusu ganzi ya wakati wa uchungu huko Ulaya na Marekani, si ya upasuaji wa kwetu. Ni hoja nzuri, ila ganzi ile hutumia sindano nene, ya zaidi ya milimita 1, wakati inayotumika sana kwa upasuaji wa uzazi ina unene wa kama nusu milimita. Ikiwa ile nene haikuacha maumivu ya kudumu, ni vigumu kuilaumu hii nyembamba. Na bibi zetu, ambao hawakuijua sindano? Wao ndio waliotuachia mkaja wa kufunga tumbo, maji ya moto ya kumkanda mzazi, na arobaini ya kukaa ndani. Desturi hizo zinadokeza kwamba viuno vya wazazi wa zamani navyo viliuma.

Hukumu potofu ina hasara. Mama anayeikataa sindano ya mgongo na kudai nusukaputi anaweza kuwa anakimbilia hatari kubwa zaidi: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 katika The Lancet Global Health, uliohusu nchi za kipato cha chini na cha kati, ulikuta nusukaputi ikiambatana na hatari ya kifo cha mama takriban mara tatu ya ile ya ganzi ya mgongo. Ni kweli kwamba baadhi ya waliopewa nusukaputi walifika wakiwa mahututi, lakini tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Hasara ya pili ni kukata tamaa. Anayeamini mgongo wake uliharibiwa na sindano huamini pia kwamba umeharibika moja kwa moja. Kumbe wengi hupata nafuu kwa kutembea, mazoezi ya taratibu ya kuimarisha tumbo na kiuno, kunyonyesha huku mgongo umeegemezwa, na msaada wa mtaalamu wa fiziotherapia. Asiyefaa kusubiri ni mwenye ganzi au udhaifu wa miguu, anayeshindwa kuzuia mkojo au choo, au mwenye homa, kukonda na maumivu yanayozidi usiku. Dalili hizo za mwisho zinaweza kuwa za kifua kikuu, ambacho pia hushambulia pingili za mgongo.

Mwaka 2023, jarida hilohilo la The Lancet Global Health lilitaja maumivu ya mgongo miongoni mwa matatizo yanayowaandama wanawake kwa miezi, hata miaka, baada ya kuzaa, yakiwapata takriban asilimia 32. Hata hivyo, mama anapokwenda kliniki wiki ya 6, mtoto hupimwa uzito na kuchanjwa, na mara nyingi mgongo uliombeba hauulizwi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Swali moja la muuguzi linaweza kuupima mzigo huo, na nyumbani mtu mwingine anaweza kuishika ile ndoo.